Kiti Kikibaki Wazi, Rejista Inafungwa. Na Wewe Ndio Unafungiwa Nje

Hebu tufanye hesabu kidogo. Usiogope, haina aljebra.

Machi 2023, mbunge wa Banissa kule Mandera, Kulow Maalim Hassan, alifariki. Kiti kikabaki wazi. Katiba yetu, Kifungu cha 101, inasema mbunge akitoka kwa kiti namna hiyo, uchaguzi mdogo ufanywe ndani ya siku 90. Watu wa Banissa walipiga kura lini? Tarehe 27 Novemba 2025. Hiyo ni miezi 32. Siku 90 zilivutwa mpaka zikawa miaka miwili na miezi minane.

Sasa chukua msichana wa Banissa aliyekuwa na miaka 16 wakati mbunge anafariki. Alikuwa kidato cha tatu. Kufika siku ya kura ameshatimiza 18, ameshamaliza shule, kitambulisho anaweza kuwa nacho. Anaweza kushtakiwa kama mtu mzima. Kila akinunua muda wa maongezi, ushuru unakatwa. Lakini kuchagua mbunge wake? Hapana. Na si kwa sababu alilala. Ni kwa sababu Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 5, inasema kiti kikitangazwa kuwa wazi, kusajili wapiga kura katika eneo hilo kunasimama mpaka siku ya uchaguzi mdogo ipite.

Soma hiyo sentensi tena, polepole. Siku kiti kinatangazwa kuwa wazi ndio siku rejista inafungwa.

Hiyo ndio stori ambayo hakuna mtu anaiongea, na ndio naleta hapa leo. Tukiongea kuhusu viti vilivyobaki wazi tangu 2023, watu husema "wananchi walikosa uwakilishi" halafu wanaendelea na maisha. Mimi nasema kuna watu waliibiwa mara mbili. Kwanza walikosa mwakilishi. Pili, siku ya kumchagua mwingine ilipofika, walikuta mlango umefungwa kitambo. Na hao watu wote ni vijana. Hakuna mzee wa miaka 50 aliyetimiza 18 hapo katikati.

Sasa tushuke kwa wadi

Nimeanza na mbunge kwa sababu huyo angalau unamjua jina. Lakini vita vyangu leo ni vya chini kidogo, kwa MCA, mwakilishi wadi. Kenya iko na wadi 1,450 ndani ya kaunti 47, na wadi ndio serikali iliyo karibu na mlango wako kuliko zote.

Najua vile watu huchukulia hii kazi. Ukiuliza kwa kinyozi MCA ni wa nini, utaambiwa ni wa kuchanga kwa matanga. Lakini angalia Jedwali la Nne la Katiba uone ni nini imepewa kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, ambulensi, chekechea, vyuo vya ufundi vya mitaani, masoko, barabara za kaunti, taa za barabarani, takataka, leseni za biashara, hata makaburi. Yaani kutoka kliniki uliyochanjwa mpaka mahali utazikwa. Na pesa za hayo yote zinapitishwa na bunge la kaunti. Mama akilipishwa ada ya kuuza nyanya sokoni, kuna watu walikaa mahali wakapiga kura hiyo ada iwe ngapi. Ukiona mtaa mmoja una mulika mwizi na wa pili uko giza, kuna msee aliuliza na kuna msee hakuuliza.

Bajeti ya kaunti inafaa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Wadi ikikaa bila MCA kutoka mapema 2023 hadi mwisho wa 2025, hiyo ni Juni tatu. Bajeti tatu zimekatwa kama keki na nyinyi hamna mtu mezani. Sio ati mtapewa kipande chenu baadaye. Mwaka wa fedha ukiisha, umeisha.

Kiti huwa wazi vipi, na kinajazwa vipi?

Hii sehemu ni fupi, vumilia. Ukijua sheria hakuna mtu atakuzungusha.

Kifungu cha 194 cha Katiba kimepanga vile MCA hupoteza kiti. Akifariki. Akijiuzulu kwa barua kwa spika. Akikosa vikao vinane vya bunge la kaunti bila ruhusa ya maandishi na bila sababu ya maana. Akihama chama kilichompeleka pale. Aliyeingia kama mgombea huru akijiunga na chama. Akikosa sifa, kwa mfano afungwe jela. Na pia mahakama inaweza kufuta ushindi wake.

Hapo ndio njia zinagawanyika mara mbili.

Kama ni MCA wa kuchaguliwa, spika wa bunge la kaunti ana siku 21 za kuandikia tume ya uchaguzi, IEBC, kuambia hiyo tume kiti kiko wazi. Kisha IEBC inatangaza tarehe, vyama vinatoa wagombea, mnapiga kura. Sheria imehesabu huo muda wote kwa siku. Hakuna mahali imetaja miaka.

Kama ni MCA wa kuteuliwa, wale wa viti maalum vya usawa wa kijinsia, vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa, hakuna kura. Chama kilipeleka orodha ya majina kabla ya uchaguzi mkuu. Mmoja akitoka, anaingia aliye nyuma yake kwenye ile orodha ya chama. Wewe mwananchi hapo hauna lako.

Njia mbili tu. Moja inapitia kwako, ya pili inapitia kwa chama. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Nani alizima taa?

Tarehe 5 Januari 2023 kulikuwa na uchaguzi mdogo sehemu kadhaa, ukiwemo wa seneta wa Elgeyo Marakwet. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 17 Januari, muda wa mwenyekiti wa IEBC Wafula Chebukati na makamishna wawili aliobaki nao ukaisha. Wale wengine wanne walikuwa wamejiuzulu au kusimamishwa kazi baada ya ule mgawanyiko wa Agosti 2022. Kwa hivyo tume ikabaki na makamishna sifuri. Ofisi zilikuwa zinafunguliwa kila asubuhi, wafanyakazi wako, lakini watu wenye mamlaka ya kuitisha uchaguzi hawakuwa.

Wakaja kurudi lini? Makamishna wapya, chini ya mwenyekiti Erastus Ethekon, waliapishwa tarehe 11 Julai 2025. Karibu miaka miwili na nusu!

Na usidanganywe ati ilikuwa bahati mbaya. Muda wa kamishna umeandikwa: miaka sita, hauongezwi. Kila mtu alijua tarehe 17 Januari 2023 inakuja, vile unajua Desemba inakuja. Wanasiasa wakavutana juu ya nani ateue jopo la kuteua makamishna. Wakaenda mazungumzo. Sheria ya kurekebisha mambo ikatiwa sahihi tarehe 9 Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani. Jopo lenyewe likaapishwa Januari 2025. Halafu kesi. Muda wote huo, watu walikuwa wanafariki, wanahama vyama, wanapewa uwaziri, na viti vinazidi kuwa wazi. Kufika 27 Novemba 2025, uchaguzi mdogo ulifanywa kwa viti zaidi ya 20 siku moja, na vingi vilikuwa vya MCA. Hata hapa Nairobi, wadi ya Kariobangi North ilikuwa kwenye foleni hiyo.

Unakumbuka Juni 2024? Tulisambaza nambari za wabunge, kila mtu akimsalimia mbunge wake kwa ujumbe, ati kataa Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni bunge likapiga kura, 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Kijana wa Banissa siku hiyo angemsalimia nani? Kiti kilikuwa tupu. Mswada wa kuongeza ushuru wa nchi nzima, naye pia atalipa, na hakuwa na mtu hata wa kumkasirikia.

Lakini kwa nini rejista ifungwe?

Wacha niwe fea. Hii sheria ya kufunga rejista haikuandikwa na mtu mbaya. Ina maana yake. Kiti kikiwa wazi na rejista iko wazi, mwenye pesa atajaza mabasi, alete watu kutoka wadi jirani, wajiandikishe wiki moja kabla, wapige kura, warudi kwao. Wadi ni ndogo, watu mia chache wanaweza kugeuza matokeo. Kwa hivyo wakasema kiti kikitangazwa wazi, orodha inabaki vile ilivyokuwa.

Kwa siku 90 hiyo ni sawa kabisa. Ni vijana wachache watatimiza 18 ndani ya miezi mitatu, na hasara yao ni ndogo kuliko hasara ya kura kuibiwa. Sheria ilipimwa kwa hiyo kipimo.

Shida ni kwamba upande mmoja wa mizani uliachwa uvutike bila mwisho, na upande wa pili ukabaki pale pale. Serikali ilipochelewa, hakuna aliyeadhibiwa. Hakuna spika, hakuna mbunge, hakuna chama kilichofungiwa chochote. Mtu pekee aliyebaki amefungiwa ni yule mtoto aliyekuwa anakua. Tarehe 29 Septemba 2025, IEBC ilipofungua tena usajili wa wapiga kura nchini, ilifungua kote isipokuwa maeneo yaliyokuwa yanangojea uchaguzi mdogo. Yaani vijana waliokuwa wamekosa mwakilishi ndio hao hao waliambiwa ngojeni kwanza.

Ukichelewa kulipa kodi ya nyumba, landilodi anafunga mlango wako. Hapa landilodi ndio amechelewa na bado mlango uliofungwa ni wako.

Najua utaniambia nini

Kuna msee atakuja kwenye maoni aseme, "Uchaguzi mdogo ni kuharibu pesa. Chama kilichoshinda kiteue tu mtu mwingine, mambo yaishe."

Nimeshakuonyesha hiyo njia iko na inafanyaje kazi: ni ile ya orodha. Jiulize tu, jina la kwanza kwenye orodha ya chama hufika pale vipi? Sisemi MCA wote wa kuteuliwa hawana maana. Viti vyao viliwekwa ili walioachwa nyuma waingie, na kuna wengine wanachapa kazi kushinda wa kuchaguliwa. Nasema MCA wa orodha anajua jina lake liliandikwa na nani, na simu ya huyo akiipigiwa anashika. Ukifanya kila kiti kiwe hivyo, mkuu wa chama ataokota wawakilishi wako kama karanga kwenye bakuli. Halafu fikiria MCA aliyetupwa nje kwa sababu alihama chama. Chama hicho hicho ndio kichague atakayemfuata? Basi hakuna MCA atawahi kufungua mdomo tena.

Wa pili atasema, "Vijana hata hawapigi kura, unalia nini?" Bro, huwezi kumfungia mtu nje halafu umcheke hajaingia. Wale wanaokataa kwenda, nitawaongelesha siku nyingine. Leo naongea juu ya wale ambao hata wakitaka hawawezi.

Wa tatu atasema uchaguzi mdogo umekuwa wa wakubwa tu. Hapo naye ana pointi. Tuliona Novemba 2025: helikopta, mawaziri, vigogo wa serikali na wa upinzani wakihamia vijijini, kila mtu akipima nguvu zake za 2027. Ukisikiza zile hotuba, utadhani wadi haina zahanati wala barabara, ina urais tu. Lakini wanaweza kufanya hivyo kwa sababu waliosajiliwa ni wachache na ni wale wale, wanajulikana, wamehesabiwa kutoka uchaguzi uliopita. Orodha iliyogandishwa ni rahisi kununua kwa sababu mnunuzi ana orodha ya bei. Ukiingiza wapiga kura wapya, hesabu yao inaharibika. Ndio maana sioni wakiharakisha kurekebisha hii.

Nataka nini?

Sitaki kulia tu. Nataka vitu vitatu, na vyote vinaweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja.

Moja: sheria ibadilishwe, kufunga rejista kuwe na mwisho. Kama siku zilizowekwa na sheria zimepita na uchaguzi mdogo haujafanywa, rejista ya hapo ifunguliwe, ifungwe tena tarehe mpya ikitangazwa. Wa mabasi bado watabaki nje. Wenyeji waliotimiza 18 wataingia.

Mbili: makamishna wa IEBC wasiondoke wote kwa mpigo. Hawa saba wa sasa waliapishwa siku moja, Julai 2025, kwa muda wa miaka sita. Hesabu tena na mimi: wote watatoka Julai 2031, mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi mkuu wa 2032. Shimo tulilotumbukia 2023 liko mbele yetu na tarehe yake imeandikwa. Wapangwe wawe wanatoka kwa zamu, wawili wawili, ndio kila wakati kuwe na mtu wa kuwasha taa.

Tatu: spika wa kaunti akiandikia IEBC kwamba kiti kiko wazi, hiyo barua ibandikwe siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya wadi, sokoni, kwa stendi ya boda. Iandikwe kwa Kiswahili: kiti kimekuwa wazi tarehe hii, uchaguzi ufanywe kabla ya tarehe hii. Ikipita, kila mtu anajua nani anavunja sheria. Sahii unahitaji wakili kujua kama mtaa wako una mwakilishi.

Na wewe je?

Hii nakuambia kama vile ningemwambia ndugu yangu mdogo. Watu wengi hungoja siasa ichemke ndio waende kujiandikisha. Wanangoja mabango, wanangoja ile wiki watu wanaongea. Kwa uchaguzi mdogo hiyo haifanyi kazi, inafanya kinyume. Siku utasikia MCA wenu amefariki, ama amejiuzulu, ama korti imemtoa, tayari umechelewa. Wakati ambao wadi yako haina stori yoyote, MCA yuko, mtaa umetulia, huo ndio wakati mlango uko wazi.

Kwa hivyo kama umetimiza 18 na kitambulisho kiko mfukoni, enda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako wiki hii. Kama uko Kariobangi North, Malava, Ugunja, Mbeere North, Kasipul, Magarini, Banissa, Baringo, ama wadi yoyote iliyopiga kura Novemba 2025, wewe ndio ninakutaja kabisa: ulikuwa umefungiwa, uchaguzi mdogo umepita, sasa hakuna kizuizi hicho tena. Enda kabla kiti kingine hakijakuwa wazi.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kati ya leo na siku hiyo kuna viti vitabaki wazi, hiyo ni hali ya dunia, watu hufariki na watu huhama. Hakuna anayejua ni wadi gani. Hawatakupigia simu kukuambia rejista inafungwa kesho.